Ukiulizwa "Unatoka Wapi?": Mwongozo wa Kuishi Kwenye Mitaa Migumu ya Chicago

Kwetu mtu akikuuliza unatoka wapi anatafuta pa kuanzia mazungumzo. Unamwambia Kigoma, au Uvira, au Kisauni, naye anakumbuka ana shemeji huko, basi mmeshakuwa ndugu. Kuna kona za Chicago ambako swali hilohilo, likitoka kwa vijana watatu waliosimama nje ya duka, halihusiani na jiografia. Wanakuuliza wewe ni wa kundi gani. Ukitaja barabara unayokaa kwa uchangamfu ule tuliofundishwa nyumbani, unaweza kuwa umejitangaza adui bila kujua.

Nimeishi hapa miaka 11, mingi yake upande wa magharibi wa jiji, na kwa miaka minne nilikuwa napeleka vifurushi majumbani kwa gari langu. Naandika kwa ajili ya watu wetu: familia za Kikongo na Kirundi zinazotoka kambi kama Nyarugusu na Kakuma, wanafunzi, na walioshinda bahati nasibu ya viza. Wengi hufikia pale ambapo kodi ni nafuu, na unafuu huo una sababu yake. Majirani wengi wa mitaa hiyo ni watu wa kanisani na wa zamu za usiku kama sisi. Tabu ni kwamba ujanja tuliokuja nao, wa Kariakoo au Eastleigh au wa kambini, mwingine hapa haufanyi kazi, na mwingine unakuponza.

Hatua ya 1: Jua nani anapigwa risasi, na kwa nini

Mtu akisikia magenge ya Marekani hufikiria jeshi lenye bosi, rangi na ishara za vidole. Hilo lilikuwepo. Vice Lords walianza mwaka 1958 ndani ya jela ya watoto huko St. Charles, Illinois. Black P. Stones waliibuka mtaa wa Woodlawn, upande wa kusini wa jiji, miaka hiyohiyo, kisha wakaja Gangster Disciples na wengine. Mwaka 1978 magenge hayo, yakiwa magerezani, yalijigawa kambi mbili, People na Folk, na kwa muda mrefu kofia iliyoinamishwa kushoto au kulia ilitosha kumtambulisha mtu.

Mambo mawili yaliuvunja mfumo huo. Serikali kuu iliwafunga viongozi, akiwemo Larry Hoover wa Gangster Disciples aliyetiwa hatiani upya mwaka 1997. Halafu jiji likabomoa maghorofa ya umma, yale ya kupangisha watu wa kipato kidogo. Robert Taylor Homes pekee yalikuwa majengo 28 yaliyojipanga upande wa kusini, na la mwisho lilianguka mwaka 2007. Familia zilitawanyika, na vijana wa magenge wakatawanyika nazo. Kilichobaki leo ni vikundi vidogo vya bloku (kipande cha barabara kati ya makutano mawili) moja au mbili, vingine vikijiita jina la rafiki aliyekufa, visivyo na mzee wa kusema basi. Ugomvi huanza na video ya kumtukana marehemu wa wenzao, au na kisasi cha mwaka juzi. Kwa hiyo yale mafundisho ya "usivae rangi fulani" ni ya Los Angeles, kwa magenge ya Bloods na Crips, zaidi kuliko ya hapa. Mimi navaa nyekundu nikitaka.

Idadi ya waliouawa Chicago mwaka 2021 ilikaribia 800. Mwaka 2024 ilishuka chini ya 600. Lakini hesabu inayonisaidia zaidi ni ya mtafiti Andrew Papachristos. Alichunguza eneo moja la magharibi lenye wakazi kama 82,000, akakuta kwamba asilimia 41 ya mauaji ya bunduki yalitokea ndani ya mtandao wa watu wanaojuana ambao hawakufika asilimia 4 ya wakazi. Maana yake, mama anayetoka saa 11 alfajiri kwenda kufua mashuka ya hospitali si shabaha ya mtu. Shabaha ni kijana anayejulikana na wanaomtafuta. Hatari yako wewe ni tatu: kuwa karibu naye saa mbaya, kufananishwa naye, au kuwa mzazi wake. Hii ya tatu ndiyo tunayoisahau.

Hatua ya 2: Kagua bloku kabla ya kusaini mkataba

Usikubali nyumba uliyoonyeshwa mara moja tu, saa 4 asubuhi, mwezi wa kwanza. Januari Chicago nzima ni watakatifu, baridi imewafungia ndani. Rudi Ijumaa saa 3 usiku. Kama unaweza kusubiri, rudi siku ya joto. Na usiseme "mtaa ule mbaya" au "mtaa ule mzuri": hapa hali hubadilika kati ya bloku mbili zinazopakana. Mtaa wa Austin, huku magharibi mwa jiji, una barabara tulivu zenye bustani, na hatua chache mbele kuna kona ambayo mimi nilikuwa nafikisha kifurushi mbiombio na kuondoka.

Tazama nguzo za taa. Maputo, mishumaa na midoli vilivyofungwa kwenye nguzo ni kumbukumbu ya mtu aliyeuawa pale. Angalia kama maputo bado yana hewa. Kisanduku chenye taa ya buluu inayomweka juu ya nguzo ni kamera ya polisi, nao huziweka pale kwenye matukio mengi. Alama kubwa nyekundu ya X kwenye jengo tupu ni ya zimamoto: wanaonyana kwamba jengo si imara. Kwako ni habari kwamba jengo lile halina mwenyewe, na jengo lisilo na mwenyewe hupata wenyewe wengine. Viatu vinavyoning'inia kwenye nyaya usivipe maana. Nimesikia hadithi kumi tofauti, hakuna iliyonisaidia.

Alama nzuri nayo ipo, na wageni wengi huipita bila kuiona. Ni kibao kilichosimikwa mwanzoni mwa bloku chenye jina la chama cha wakazi na orodha ndefu ya makatazo: hakuna kucheza mpira, hakuna kuosha magari, hakuna muziki wa sauti ya juu, hakuna kuzurura. Mtu wetu akikisoma anaona ubabe. Mimi nikikiona najua kuna bibi kizee dirishani mwenye namba ya diwani kwenye simu. Hamia hapo.

Tovuti ya takwimu ya jiji ina kumbukumbu za uhalifu tangu mwaka 2001, bloku kwa bloku, bure. Tafuta barabara yako na zile mbili za jirani. Wakati wa kupanga nyumba, chumba cha mbele kiwe sebule, watoto walale nyuma. Ukuta wa tofali husimamisha mengi, dirisha halisimamishi kitu, kwa hiyo kitanda kisikae chini ya dirisha la barabarani. Ukipata ghorofa ya pili au ya tatu, chukua hiyo.

Jambo moja la kujifunza wiki ya kwanza: ramani ya namba. Sifuri ya jiji ni makutano ya barabara za State na Madison. Kwa kawaida kila maili moja ni namba 800, ingawa maili chache za kwanza kuelekea kusini zina namba zaidi, na kila anwani inasema kaskazini, kusini, mashariki au magharibi. Ukishaielewa hupotei, na siku ya kupiga 911 utaweza kusema uko wapi hata kama hujui jina la mtaa.

Hatua ya 3: Njiani na kwenye treni

Salamu zisife, zipungue. Wazee Weusi wa upande wa kusini na magharibi, wengi wao chimbuko lao ni majimbo ya kusini kama Mississippi, wana adabu inayofanana sana na yetu, na bibi aliyekaa barazani usipomsalimia utakuwa umemkosea. Msalimie kila siku, mwambie jina lako, mwonyeshe watoto wako. Baada ya mwezi mmoja atajua wewe ni Mwafrika wa nyumba ile, na habari hiyo itafika hadi kona. Hakuna ulinzi wa bei nafuu kuliko huu.

Kwa vijana wa kona, inua kidevu kidogo, endelea na mwendo wako. Usimkazie mtu macho, usigeuze uso kwa woga, usisimame. Wakikuuliza unatoka wapi, waambie kwa Kiingereza chepesi kwamba hauko na kundi lolote, unakwenda kazini. Lafudhi yako itamalizia. Taja nchi au taja Afrika, barabara usitaje. Na kama kona imejaa watu waliokuwa wakicheka, halafu ghafla wanatazama wote upande mmoja au wanaanza kutawanyika, nawe tawanyika. Wao wanaisoma barabara ile tangu utotoni.

Ukiporwa, toa. Simu, pochi, koti, chochote. Na hapa naomba usahau kabisa ule ukelele wa "mwizi!" Nyumbani ukiupiga, mtaa mzima unatoka na mawe, hata mara nyingine tunalazimika kumwonea mwizi huruma. Hapa hakuna atakayetoka, na mwenye bastola akisikia kelele ndipo anapobabaika. Ukimkimbiza ukamfikia utamfanya nini?

Treni za laini Nyekundu na Buluu hutembea usiku kucha na ndizo zinazowabeba watu wetu wa zamu. Panda behewa la kwanza, karibu na dereva. Treni ikiwa imejaa na behewa moja liko tupu, usifurahi. Kuna sababu, utaikuta ndani. Simu usiichezee ukiwa umekaa kando ya mlango, kwa kuwa huiporwa sekunde ileile milango inapofunga, nawe unabaki ndani ukiona simu yako inashuka ngazi. Basi la usiku lifuatilie kwenye programu ya simu, utoke nyumbani likiwa limekaribia, si kusimama kituoni dakika 25. Masikioni weka kipokea sauti kimoja tu, au acha.

Hatua ya 4: Gari

Magari ya Kia na Hyundai ya kuwashwa kwa ufunguo wa kuzungusha, mengi ya kati ya 2011 na 2021, yaliuzwa Marekani bila kifaa cha kuzuia injini kuwaka kwa wizi. Vijana walionyeshana mtandaoni jinsi ya kuyaiba, na kuanzia 2021 yakaanza kutoweka kama karanga. Mgeni huuziwa hilohilo kwa sababu ni rahisi. Ukiwa nalo, nenda kwa wakala wa kampuni akakuwekee marekebisho ya programu, na nunua kufuli la chuma la usukani, lile linaloonekana kwa mbali.

Msimu wa baridi usiache gari linapata moto nje huku wewe ukinywa chai ndani. Kuna watu wanazunguka asubuhi wakitafuta moshi wa namna hiyo. Ukitekwa gari, shuka, ufunguo uache, mikono ionekane. Kama mtoto yuko kiti cha nyuma, sema neno moja kwa sauti: mtoto. Wengi wao hawataki kesi hiyo.

Kwa wenzangu wa vifurushi na teksi za mtandaoni, niseme lililonipata. Jioni moja huko North Lawndale nilikuwa natafuta namba ya nyumba, nikawa naendesha polepole, taa za ndani zimezimwa, vioo vyeusi, nikapita bloku moja mara mbili. Mara ya tatu kijana akagonga kioo, mkono mmoja uko ndani ya mfuko wa sweta. Nilishusha kioo, nikainua kifurushi kwa mikono miwili, nikasoma jina. Akaangalia kifurushi, akaniangalia mimi, akasema nyumba ya tatu kulia, halafu akanipa ushauri ambao kampuni haikuwahi kunipa: washa taa ya ndani. Gari geni linalokwenda polepole bila taa ndilo linalokuja kumwaga risasi. Toka siku hiyo niliondoa vioo vyeusi, nikanunua fulana ya manjano inayong'aa, na nikawa naitafuta anwani kabla sijaingia kwenye bloku.

Polisi akikusimamisha, hapa mila zetu ni za hatari kweli. Kwetu dereva muungwana hushuka na leseni mkononi, wanaongea na askari nyuma ya gari, mambo yanaisha. Hapa kushuka bila kuambiwa ni kitisho. Baki umekaa, zima injini, washa taa ya ndani, weka mikono juu ya usukani. Leseni iko mfukoni? Sema iko wapi kwanza, subiri akuruhusu, ndipo uchukue taratibu. Una haki ya kunyamaza na ya kukataa kupekuliwa, na unaweza kuitumia kwa maneno ya upole bila kumzuia kwa mwili. Kuhusu "chai" au "kitu kidogo," usithubutu hata kwa utani.

Hatua ya 5: Risasi zikilia

Utabishana na nafsi yako kama ni fataki, hasa wiki za kuelekea Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Usibishane umesimama. Lala chini, halafu ubishane.

Ndani ya nyumba, ondoka upande wa barabara, tambaa hadi bafuni au kwenye korido. Usiende dirishani kuchungulia wala kurekodi. Watu wameuawa wakichungulia. Nje, jifiche nyuma ya ukuta wa tofali au zege, au upande wa injini ya gari. Mlango wa gari ni bati tu, risasi hupita. Watoto wafundisheni kulala chini mara moja kama mchezo, bila kuwatisha, na wakubwa wakumbuke kwamba silika yetu ya kukimbia ovyo pamoja na umati inakupeleka unakokimbilia mlengwa.

Mtu akipigwa, hakikisha kwanza ufyatuaji umekoma, kisha piga 911. Ukikosa Kiingereza sema "Swahili," watakuunganisha na mkalimani kwenye simu. Wakati mnasubiri, damu ndiyo inayoua. Jeraha la mkono au mguu linalobubujika lifungwe kwa mkanda maalumu wa kukaza (tourniquet), sentimeta 5 hadi 7 juu ya jeraha kuelekea kiwiliwili, ila usiufunge kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Kaza mpaka damu isimame hata akilia, andika saa uliyofunga, na usiulegeze. Jeraha la kinenani, kwapani au begani lijazwe kitambaa safi, likandamizwe kwa uzito wako wote bila kuachia. Mkanda wa suruali mara nyingi hauwezi kukaza vya kutosha, afadhali kukandamiza. Kuna kozi inaitwa Stop the Bleed, iliyoanzishwa kitaifa mwaka 2015, inachukua muda mfupi na mara nyingi ni bure. Nimewapeleka watoto wangu wote.

Subiri gari la wagonjwa badala ya kumpakia mtu na kumkimbiza kliniki ya jirani, maana si kila hospitali inapokea majeruhi wa risasi. Mwaka 2010 kijana Damian Turner, wa miaka 18, alipigwa risasi bloku chache kutoka hospitali ya Chuo Kikuu cha Chicago, akapelekwa katikati ya jiji kwa sababu kusini hakukuwa na kituo cha majeruhi cha watu wazima tangu mwaka 1991. Alifariki. Wenzake waliandamana miaka mingi hadi chuo kikafungua kituo mwaka 2018. Wahudumu wa ambulansi wanajua pa kwenda.

Hatua ya 6: Kijana wako

Hapa nitakaa kidogo.

Mtoto aliyekuja na miaka 9 anaongea Kiingereza baada ya mwaka. Wewe bado unahangaika. Anakutafsiria kwa mwenye nyumba, kwa daktari, kwa mwalimu wake mwenyewe, na hiyo ya mwisho ndiyo inayotuua, kwa kuwa barua ya shule inasema amekosa siku 14 naye anakwambia inasifu bidii yake. Shuleni wanamcheka lafudhi na nguo. Siku moja kijana mkubwa anamtetea. Hakuna fomu ya kujiunga wala kiapo. Kuna urafiki, viatu alivyonunuliwa, ngazi za nyumba fulani wanapokaa jioni. Akifika miaka 15 watu wa bloku ya pili wanamjua kwa sura kama mmoja wa wale, hata kama hajawahi kushika kitu.

Cha kuangalia ni njia, kabla ya nguo. Kijana anayekataa ghafla kupita barabara fulani, au anayezunguka mbali kwenda shule, au anayeomba ahamishwe bila kueleza, ameshawekewa mipaka na mtu. Muulize taratibu, siyo mbele ya baba na wajomba. Angalia pia simu: picha za vidole, kuonekana nyuma kwenye video ya muziki wa mtaa, jina jipya la utani. Yeye atasema ni mzaha. Wanaotafuta kisasi hawajui mzaha, na polisi pia walikuwa na orodha yao ya wanamagenge, ambayo mkaguzi mkuu wa jiji aliikuta mwaka 2019 imejaa makosa. Kwa asiye raia, kosa la bunduki linaweza kumaliza ukaazi wake kabisa. Mwambie hivyo waziwazi, siyo kwa kumtisha, ila kwa kuwa wenzake waliozaliwa hapa hawana mzigo huo na hawataweza kumwonya.

Fimbo iache. Alama kwenye mwili wa mtoto huleta watu wa ustawi wa jamii mlangoni, na kijana aliyepigwa huhamia rasmi kwenye zile ngazi.

Jaza saa zake badala yake. Saa mbaya ni baada ya shule na usiku wa kiangazi. Jiji linakataza walio chini ya miaka 18 kuwa nje peke yao baada ya saa 4 usiku, na wewe unaweza kuisingizia sheria hiyo ili usionekane mkali. Njiani kuna watu wenye fulana zinazong'aa, wanaoitwa Safe Passage. Walianza mwaka 2009 baada ya mwanafunzi Derrion Albert kuuawa karibu na shule ya Fenger, na waliongezwa mwaka 2013 jiji lilipofunga shule karibu 50 na watoto wakalazimika kuvuka mipaka ya magenge. Jua njia wanayosimama, apite hiyo.

Halafu kazi. Mpango wa jiji wa kazi za kiangazi kwa vijana si wa kupoteza muda. Mtafiti Sara Heller alifuatilia vijana 1,634 wa shule zenye vurugu, akakuta waliopewa kazi ya wiki 8 walikamatwa kwa makosa ya ukatili kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao, kwa kipindi cha miezi 16, yaani hata kazi ilipokuwa imeshaisha. Maombi hufungwa mapema. Uliza shuleni kabla theluji haijayeyuka. Uliza pia kama shule ina kikundi cha Becoming a Man, ambapo wavulana hukaa duara na mshauri na kuzungumza kabla ya kugombana. Nilikicheka mwanzoni. Wangu wa pili kilimtuliza kuliko mimi.

Akitishiwa kweli, yaani jina lake limetajwa mtandaoni au gari limepita likimuulizia, usingoje. Tafuta wapatanishi wa mtaani, wengi wao waliokuwa kwenye magenge na wakatoka. Mpango wa kwanza wa aina hii ulianza mtaa wa West Garfield Park hapa Chicago mwaka 2000, na mwanzilishi wake, daktari Gary Slutkin, alikuwa ametoka kupambana na kipindupindu na kifua kikuu kwenye kambi za wakimbizi Somalia, na UKIMWI barani Afrika. Alitazama ramani za mauaji akaona zinaenea kama maambukizi, akatumia mbinu ileile: tafuta aliyeambukizwa, mfikie kabla hajamwambukiza mwingine. Wapatanishi hawa wanaweza kuongea na upande wa pili, jambo ambalo wewe, mchungaji wako na polisi hamuwezi. Wakati huohuo mtoe mtoto Chicago. Watu wetu wapo Iowa, wapo Maine, kuna mjomba mahali. Ila kumrudisha Afrika fikiria mara mbili: mkimbizi akirudi nchi aliyoikimbia anaweza kuhatarisha hadhi yake, na mwenye ukaazi akikaa nje zaidi ya mwaka anaweza kuupoteza. Ongea na mwanasheria kwanza.

Hatua ya 7: Bastola ya nyumbani

Usinunue kwa hofu. Illinois inadai kitambulisho maalumu cha mwenye silaha, na wengi walio kwenye viza za muda sheria ya serikali kuu haiwaruhusu kabisa. Ndani ya nyumba yenye vijana, atakayejua ilipofichwa ni nani?

Hatua ya 8: Baada ya tukio

Watu wetu wengi hawapigi simu polisi kwa kuhofia uhamiaji. Tangu mwaka 2017 sheria ya Illinois inawakataza polisi wa mitaa kushiriki kukamata watu kwa sababu ya uhamiaji tu, na Chicago ina sheria yake ya aina hiyo. Maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu ni watu wengine. Chukua namba ya ripoti, iandike. Kwa namba hiyo unaweza kuomba fidia ya jimbo kwa waathirika wa uhalifu, inayosaidia gharama za hospitali, mazishi na mishahara iliyopotea. Asiye na makaratasi aliyedhurika na akashirikiana na upelelezi anaweza kuomba viza ya U. Ni 10,000 tu kwa mwaka nchi nzima na foleni yake ni ya miaka, kwa hiyo aanze mapema.

Kushuhudia mahakamani ni uamuzi mzito na sitakushurutisha. Unaweza kutoa habari bila jina. Ukiamua kuongea, ongea na mpelelezi ofisini au kwa simu, usisimame naye barazani bloku nzima ikiona.

Na unapoeleza saa, hesabu vizuri. Jirani yangu mmoja, mama wa Fizi, alimwambia askari tukio lilikuwa saa tatu, mtoto akatafsiri tatu kama ilivyo. Karatasini ikaandikwa saa tisa alasiri badala ya saa tatu usiku, na kamera ya duka ikakaguliwa muda ambao hakukuwa na kitu. Ilichukua wiki mbili kugundua. Ondoa sita au ongeza sita, sema asubuhi au usiku, na mwambie mkalimani arudie ulichosema kabla hujasaini.